Kokoto Tatu Juu ya Jerikeni

Benchi langu la kahawa liko Kakuma, pale njia ya kambini inapoachana na barabara ya Lokichoggio. Si benchi la kununua. Ni ubao wa nyuma wa lori lililokufa hapo miaka mingi iliyopita, umelazwa juu ya matairi mawili, na juu yake nimefunga magunia ya mahindi ya msaada kuzuia jua. Mbele yake kuna kisima cha pampu, kwa hiyo foleni ya maji ndiyo sinema yetu. Wateja wa kudumu ni wawili. Lomunokol alisimama kiti cha wadi mwezi wa tatu mwaka huo wa 2013, akapata kura za ndugu zake, tena si wote, nasi tukampa jina la Gavana ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Bol ametoka Sudan Kusini na anaendesha bodaboda. Tunamwita Juba, kwa sababu hadithi zake zote, hata ya kuku aliyepotea, huishia Juba.

Asubuhi ninayoisimulia walikuwa na kitu kizito cha kubishania. Lori lilikuwa njiani kutoka Lodwar kuja kung'oa pampu yetu. Watu wa mradi wa maji walikuwa wameandika ripoti kwamba maji ya kisima yameshuka yakapita pampu yenyewe, kwamba ikiendelea kuzunguka itaungua, na afadhali ikafungwe mahali pengine. Mimi nina watoto wanne. Kabla ya kisima hicho nilikuwa nachimba mchanga wa laga ya Tarach, mto usio na maji ila mvua ikinyesha, kwa bakuli, nangoja maji yajikusanye, nateka, nachimba tena. Nilijua vizuri lori hilo linakuja kunichukulia nini.

— Lakini maji yanatoka, niliwaambia. Nimeteka leo alfajiri.

— Inatoka, alisema Gavana, lakini ripoti inasema haiko.

— Basi mimi nimeteka nini?

— Hiyo ni mabaki, Mama Akidor.

Wiki hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba chini ya ardhi ya Turkana kumegunduliwa maji mengi sana, na Gavana alikuwa hajalala vizuri tangu asikie. Kwake mambo yalikuwa wazi. Hiyo bahari ya chini imetobolewa upande wa pili, na maji yetu yanateremkia huko kama chai kwenye kikombe kilichopasuka. Juba alikataa. Kwake shida ni mafuta. Wale wanaopima mafuta kule kusini wakivuta wanaacha pango, na maji hayajawahi kuona pango yakapita bila kuingia.

— Hata kule Juba, akaanza.

Nikamwekea kikombe mbele kwa nguvu kidogo, akaishia hapo.

Ndipo akaja Ebenyo. Huyu ndiye anayesomea mradi kile kifaa kilichoteremshwa kisimani, chuma kirefu kama tochi, ambacho kila saa hupima maji yako mita ngapi kutoka juu, kikaandika. Tunamwita Diploma, na hakasiriki, kwa sababu anayo. Alikuwa na kompyuta kwapani na uso wa mtu aliyegombana na mto wake usiku kucha. Nyuma yake alikuja Nyagoa, mwalimu wa kompyuta kwenye darasa moja la kambini, mwanamke wa Kinuer asiyefungua mdomo mpaka amalize kusoma kilicho mbele yake. Walitaka waya wa umeme. Duka la simu jirani lina sola, na waya wake unafika kwenye benchi langu kwa makubaliano ya kahawa.

— Ejok, Mama, alisema Ebenyo. Tunaomba kukaa hapa. Lori liko wapi?

— Watu wa basi wamelipita njiani likiwa na pancha.

Akashusha pumzi. Akatueleza, kwa sauti ya chini, kwamba ripoti ile ilitoka kwenye namba alizozituma yeye, na jana usiku alikuwa ameziangalia tena akaona kitu hakikai.

— Kuna siku, alisema, maji yako chini kuliko shimo lenyewe.

— Chini ya shimo? aliuliza Juba.

— Shimo linaisha. Namba inaendelea.

Gavana akapiga goti lake. Si alikuwa amesema tangu mwanzo? Maji yametoka kwenye shimo yakaenda baharini, na mashine, kwa uaminifu wake, imeyafuata. Ebenyo akasema hata bosi wake Lodwar alikuwa na mawazo karibu na hayo, kwamba maji yamezama mwambani. Yeye mwenyewe hakuamini tena. Ndiyo maana alikuwa amekuja na faili kama mashine ilivyolitema, kabla halijapita mikononi mwake.

Nyagoa alifungua kompyuta. Nilitegemea picha na rangi kama ninazoziona ofisini, lakini kioo kilikuwa cheusi chote, na kistari kimoja kinapepesa pembeni. Akaandika kitu kifupi, na kioo kikajaa namba mpaka juu. Zilikuwa mbaya kuangalia. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na mmoja niliomba aniandikie kwenye karatasi ya sukari, ninao mpaka leo:

#14/08 6*18,4 19,2 3*20,7 7*21,0 20,1 2*19,3 4*18,4

Hapo kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu nyota. Juba alisema hizo ni za simu. Unabonyeza nyota, unaandika namba, unamaliza na alama ya reli, unajua salio lako, na ona, alama ya reli iko hapo mwanzoni kabisa. Mashine imeishiwa salio, imekuwa ikiomba tangu Januari na hakuna aliyeisikia. Gavana alisema hapana, nyota ni cheo. Hata polisi wanazo begani. Namba yenye nyota imeipita ile isiyo nayo, na hapo asije mtu akamwambia amekosea, yeye alikaa na maofisa wakati wa kampeni.

Nyagoa aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, jambo ambalo mimi siwezi. Kisha akasema ataanza na koma. Kifaa kimetoka nchi ambayo watu wake huandika koma pale sisi tunapoweka nukta, na kompyuta zetu zinachanganyikiwa. Akaandika mstari mmoja, haukuzidi upana wa kiganja, akabonyeza. Nilikuwa namimina kahawa ya Gavana. Kikombe kilikuwa hakijafika nusu, na koma zote kutoka Januari mpaka Agosti zilikuwa nukta.

— Zirudishe, alisema Gavana.

Akazirudisha.

— Ziondoe tena.

Akaziondoa. Kahawa ilinimwagikia kidoleni na sikuisikia mpaka baadaye. Kazi ya namna hiyo kwa mkono ingemla mtu wiki nzima, na bado angeruka koma mbili tatu kwa usingizi.

Nilimwuliza anafanyaje. Alisema hajui mengi. Ni vyombo vidogo vya zamani, vimetengenezwa kabla yeye hajazaliwa, na kila kimoja kina kazi yake moja tu. Kimoja huchagua mistari. Kingine hubadilisha herufi kwa herufi. Kingine, kinaitwa awk, huuchukua mstari kipande kwa kipande na kukihesabu. Havijui maji wala kisima. Unaviunganisha kwa kijiti kilichosimama wima, kimoja kikimwaga, kinachofuata kinakinga. Hilo la kumwaga na kukinga nililielewa bila diploma.

Halafu wakakwama. Nyagoa aliiambia awk ihesabu kila siku ina namba ngapi. Siku moja ilikuwa na saba, nyingine tisa, nyingine kumi na moja.

— Siku zote zina saa ishirini na nne, alisema. Kwa nini hizi hazilingani?

Ebenyo alidhani kifaa kinaruka saa. Gavana alidhani kinapumzika wakati wa joto, kama yeye. Juba alisema pengine kinaogopa, maana huko chini kuna giza na hakina mwenzake, na kitu kinachoogopa husema maneno machache. Nilitaka kumcheka nikashindwa. Nilikuwa naangalia barabara. Vumbi la upande wa Lodwar lilikuwa limeanza kusimama.

Ebenyo akatueleza alichofanya mwezi uliopita. Kompyuta ya ofisi ilikuwa inazikataa namba zenye nyota, inaziona kama maneno. Alipobadilisha koma, bado zilikataa. Akaweka alama ya sawasawa mbele ya kila moja, na zote zikakubali mara moja. Kwenye kompyuta ile nyota ni kuzidisha. Sita mara kumi na nane nukta nne, mita mia na kumi.

— Ilikubali haraka sana, alisema. Nilifurahi.

Hapo foleni ikachafuka. Mwanamke mmoja mgeni, Adau, aliyefika kambini juzijuzi, alikuwa nyuma ya jerikeni yangu na alikuwa amechoka kungoja. Lazima nieleze desturi yetu. Zamani kila mtu alipanga jerikeni zake zote, foleni ikavuka barabara, na akina Juba wakawa wanazikanyaga kwa pikipiki kila siku na ugomvi haukuisha. Tukakubaliana kila mtu aweke jerikeni moja tu kwenye mstari, na juu yake kokoto, kila kokoto jerikeni moja. Zangu zilikuwa kokoto tatu. Adau hakujua. Aliona jerikeni moja, na wenzake wanamwambia ahesabu tatu. Aliniita kwa sauti ambayo siwezi kumlaumu kwayo.

— Mama, hii ni moja. Kwa nini nangojea tatu?

Nikainuka na birika mkononi.

— Dada, iliyo hapo ni moja. Kokoto ni tatu. Nitajaza hiyo, halafu nyingine kama hiyo, halafu nyingine kama hiyo. Sikupanga zote kwa sababu hakuna nafasi.

Akaguna, akakaa juu ya jerikeni yake. Niliporudi, Ebenyo alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona.

— Mama Akidor, sema tena.

— Niseme nini?

— Hayo uliyomwambia.

Nikayasema. Akauliza kama kokoto tatu maana yake ni jerikeni moja ya lita sitini. Nikamwuliza hiyo ya lita sitini ningeibeba na nani. Ni ileile ya ishirini, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Hakucheka. Alimgeukia Nyagoa, na maneno yakamtoka polepole.

— Haisemi mara sita. Inasema maji yamekaa hapohapo, saa sita. Haikutaka kuandika kitu kilekile tena na tena. Ilikuwa inabana nafasi.

Nyagoa hata hakutabasamu.

— Leo nimesikia maelezo mengi mazuri, alisema. Hili nalo tulipime. Kama ni kweli, kila siku ikikunjuliwa itatoa ishirini na nne. Ikitoa kitu kingine, tumejidanganya.

Akaandika mstari mrefu kuliko ule wa kwanza, una mabano na alama za dola kama mtu anayetukana. Akausoma, akafuta kipande, akaandika tena. Lori lilikuwa sasa linaonekana, na juu yake kile chuma cha winchi kikitikisika. Akabonyeza.

Ishirini na nne. Chini yake ishirini na nne. Chini yake tena. Zilishuka kioo kizima na kuendelea kushuka, Januari, Februari, Machi, siku za uchaguzi, siku za upepo, siku ambazo mimi nilikuwa na homa na sikumbuki hata kama kulikucha, zote ishirini na nne. Nimesoma mpaka kidato cha nne na nilifanya hesabu kwa sababu ya fimbo, sikuwahi kuiona ikifanya hivyo, ikikubali yenyewe bila kusukumwa na mtu.

Kisha ikatokea moja ya kumi na tisa.

— Hapo imedanganya, alisema Juba, na alikuwa kama mtu aliyefiwa.

Ebenyo aliangalia tarehe. Akafunika mdomo.

— Siku hiyo nilikitoa kubadilisha betri, alisema. Nikaenda kula kwanza. Nilirudi jioni.

Kumi na tisa, na saa tano za chakula cha mchana cha Ebenyo. Kifaa hakikuwa na mwenzake huko chini, lakini hakikusahau. Juba alivua kofia yake, sijui kwa nini, akaishika mapajani.

Nyagoa aliendelea. Alizikunjua nyota zote, kila saa ikapata mstari wake, na badala ya namba akaiambia awk iweke nukta, nyingi maji yakiwa chini, chache yakiwa juu. Nukta zikaanza kupita. Mchana zinarefuka, usiku zinafupika, mchana zinarefuka, usiku zinafupika. Ilikuwa kama kumwangalia mtu aliyelala akivuta pumzi. Tunateka, yanashuka mpaka mita ishirini na moja. Tunalala, yanapanda mpaka kumi na nane na kidogo. Pampu ilikuwa mbali huko chini, na miezi minane yote maji hayakuwa yameikaribia.

— Na sisi tulikuwa juu yake, alisema Gavana. Tunakunywa kahawa tu.

Lori likasimama. Dereva aliteremka, mtu mpana anayeitwa Ekwam, akasalimia, akaanza kufungua minyororo ya winchi. Wanawake wa foleni walisogeza jerikeni zao mbele kidogo, kama kwamba kusogea kungesaidia. Ebenyo alimwomba Ekwam angoje, akapiga simu Lodwar akiwa amesimama juani. Tulisikia upande wake tu. Alisema ndiyo bosi mara nyingi. Alisema shimo linaisha, namba haziwezi kuendelea. Kisha akasema kilichohitaji kusemwa.

— Ile alama ya sawasawa niliiweka mimi, bosi. Maji hayakufanya kitu.

Wakatakiwa watume kila kitu. Nyagoa alichomeka modemu yake, na kule kupanda kwa asilimia kulikuwa kurefu kuliko miezi minane ya nukta. Ekwam alikuja akakaa benchini, minyororo bado inaning'inia. Nilimpa kahawa. Birika lilikuwa jepesi mkononi. Gavana akamsimulia yote tangu mwanzo, nyota, kokoto, betri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza chochote. Nyagoa alimpitishia zile nukta, zirefuke, zifupike. Ekwam alizitazama, na kahawa yake ikapoa kabla hajaimaliza.

Simu ikalia. Ebenyo alisikiliza, akasema ndiyo mara moja, akaishusha.

— Lori lirudi tupu, alisema. Na mimi nikaripoti Lodwar Jumatatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Juba alimpiga begani, akamwambia Jumatatu atampeleka mwenyewe mpaka stendi, bure. Kwenye lori, utingo wa Ekwam alianza kufunga tena minyororo ya winchi, na mlio wake ulikuwa mzuri kuliko nyimbo nyingi.

Ekwam peke yake hakuwa ameinuka. Alikuwa bado anaangalia kioo.

— Nimeelewa mchana, alisema. Mnateka, yanashuka. Lakini usiku hakuna mtu hapa. Nani anayarudisha?

Ebenyo alianza vizuri. Alisema maji hupenya mwambani kutoka pembeni, yakajaza pale palipopungua.

— Pembeni wapi?

— Kwenye ile hifadhi ya chini. Kama ile redio ilisema.

— Na huko yalifikaje? Mimi ni wa Lokitaung. Naijua mvua ya hapa, kila moja. Haitoshi hiyo.

Ebenyo alisema ni mvua ya zamani. Ekwam akauliza ya zamani ya lini, na ilinyesha juu ya nani. Ebenyo alimwangalia Nyagoa. Nyagoa aliangalia kibodi, kisha akaondoa mikono yake. Gavana alifungua mdomo, nami nikajiandaa kwa bahari, lakini akaufunga. Hata Juba hakwenda Juba. Pampu ilikuwa inazunguka, na kila mtu nadhani alikuwa anasikiliza chini yake.

Niliinamisha birika kumwongezea Ekwam. Lilitoa matone, kisha mashapo ya kahawa.

Adau akaniita kutoka kwenye foleni. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nikazichukua zile jerikeni nyingine mbili nyuma ya benchi, nikaenda, nikaondoa kokoto moja, nikaweka mdomo wa kwanza chini ya bomba. Ilijaa. Nikaondoa ya pili. Nilipogeuka, Ekwam alikuwa bado amegeukia kisima, kikombe kitupu mkononi, anangoja ajibiwe.